Bahari Haiingii Hodhini

Mapumziko ni haki ya kila mtu afanyaye kazi, na furaha ya watoto wakati wa likizo ni wajibu wa wazazi wao. Sina ugomvi na haki hiyo wala na wajibu huo. Mzazi aliyetoka jasho mwaka mzima, akaweka akiba senti kwa senti ili awachukue watoto wake matembezini siku moja, astahili heshima na si lawama. Nasema haya mwanzoni, msomaji, usije ukadhani kuwa insha hii imeandikwa na mtu aonaye uchungu wenzake wakicheka. Ninachokishitaki si kicheko, bali bei yake; na bei yenyewe si ile iliyoandikwa katika dirisha la kuuzia tikiti, bali ile ilipwayo na kiumbe asiyeulizwa.

Tuchukue mfano ulio maarufu. Katika mji wa Orlando, jimbo la Florida nchini Marekani, iko bustani ya viumbe wa bahari iitwayo SeaWorld, iliyofunguliwa mwaka 1973. Kila likizo familia nyingi huenda huko. Itazame moja kati ya hizo: baba, mama, watoto wawili na bibi yao. Asubuhi wamo langoni na kofia zao za jua. Wanatazama papa kupitia ukuta wa kioo, wanacheka mwendo wa pengwini, wanakula aiskrimu. Mchana wanakwenda kuketi katika uwanja wa mabenchi unaolizunguka bwawa la maji ya buluu. Watoto wanataka safu za mbele, maana huko ndiko maji huwamwagikia watazamaji. Muziki unapigwa, mara nyangumi mweusi mwenye mabaka meupe, uzito wake tani kadhaa, anachomoka majini, anaanguka kwa kishindo, na watu wa mbele wanalowa chapachapa. Watoto wanapiga mayowe. Nyangumi anatupiwa samaki. Jioni familia inarudi hotelini na picha zake, na mtoto mdogo amekumbatia mwanasesere wa nyangumi.

Ukiitazama siku hiyo kwa macho ya mtoto, haina dosari. Sasa itazame kwa macho ya yule aliyebaki bwawani baada ya taa kuzimwa.

Mnyama huyo huitwa nyangumi muuaji, ingawa kwa nasaba yu katika jamaa ya pomboo, naye ndiye mkubwa kuliko pomboo wote. Katika bahari iliyo magharibi ya Kanada na kaskazini-magharibi ya Marekani wako nyangumi wa aina hii ambao wataalamu wamewachunguza kwa muda wa miaka 50. Mtaalamu mmoja wa Kanada, Michael Bigg, alianza katika miaka ya 1970 kuwapiga picha na kuwatambua mmoja mmoja kwa umbo la pezi na baka la mgongoni, kama mwalimu awatambuavyo wanafunzi wake. Kazi yake na ya wenzake imetufunza mambo ya ajabu. Katika koo hizo za samoni, mtoto, awe wa kiume au wa kike, hukaa na mama yake maisha yake yote. Kila ukoo una milio yake, ambayo mtoto hujifunza kwa wakubwa wake, kama sisi tujifunzavyo lafudhi ya nyumbani. Majike huacha kuzaa wafikapo miaka 40 hivi, lakini huweza kuishi miaka mingi baadaye. Na wazee hao ndio aghalabu wautanguliao ukoo kutafuta samaki, hasa katika mwaka wa njaa. Kwa siku moja nyangumi hawa huweza kwenda kilomita 100 na zaidi.

Umeona, msomaji? Yule bibi aketiye benchini na wajukuu wake anamtazama kiumbe ambaye naye ana desturi ya bibi na wajukuu. Familia imelipa kiingilio ili imtazame mnyama aliyekosa familia. Hilo ndilo neno ninalotaka ulishike katika insha hii. Mengine yote ni matawi yake.

Kiumbe wa namna hiyo aliingiaje hodhini? Hakuandika barua ya kuomba kazi. Mwezi wa Agosti mwaka 1970, mahali paitwapo Penn Cove katika jimbo la Washington, wawindaji walitumia mashua za mbio, ndege na baruti kuzisukuma koo za nyangumi mpaka ndani ya hori, kisha wakazungusha nyavu. Waliotakiwa walikuwa watoto, kwa sababu mtoto ni mwepesi kumsafirisha. Wakatengwa na mama zao. Kwa ushahidi wa waliokuwako, wakubwa hawakukimbia; walibaki karibu na nyavu wakipiga milio. Nyangumi watano walikufa katika shughuli ile, wanne kati yao wakiwa watoto. Ili jambo lisijulikane, mizoga ya watoto ilipasuliwa matumbo, ikajazwa mawe, ikazamishwa; lakini bahari haikukubali kuwa mshiriki wa siri ile, ikaitupa pwani. Watu walipoona, walikasirika, na ilipofika mwaka 1976 uwindaji huo ulikomeshwa katika maji ya jimbo lile.

Mmoja wa waliochukuliwa siku zile alikuwa jike aliyepewa jina la Lolita. Alipelekwa Miami, Florida, akatiwa katika hodhi ambalo urefu wake ulikuwa futi 80 hivi, na penye kina kikubwa kuliko pote palikuwa na futi 20 tu. Naye alipokua, urefu wa mwili wake ulikuwa futi 20 hivi. Yaani lau angesimama wima, kichwa kikiwa usoni pa maji, mkia ungegusa sakafu. Humo alikaa tangu mwaka 1970 hata mwaka 2023. Watu wa kabila la Lummi, wenyeji wa pwani alikozaliwa, walimhesabu kuwa jamaa yao, wakaomba kwa miaka arudishwe kwao. Mwezi wa Machi mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mipango ya kumrudisha imekubaliwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo akafa, hajaiona tena bahari.

Nyangumi mwingine, aliyekamatwa mwaka 1965 na kupelekwa San Diego, aliitwa Shamu. Alikufa mwaka 1971. Lakini jina lake halikuzikwa pamoja naye: alipewa mwingine, na baadaye wengine, hata watoto wakaamini kwamba Shamu yupo daima, mzima, mwenye furaha, asiyezeeka wala kufa. Fikiri juu ya hila hiyo. Mtu akifa, kuna msiba; ng'ombe wa mfugaji akifa, huhesabiwa zizini na pengo lake huonekana. Huyu alikufa, na mchezo ukaendelea saa ile ile na kwa jina lile lile.

Na hili jina la "muuaji," linatoka wapi? Mnyama huyu huwinda sili, samaki, hata nyangumi wakubwa kuliko yeye. Lakini hapana kisa hata kimoja kilichothibitishwa cha nyangumi huyu kumuua mtu baharini. Hodhini, visa viko. Dume mmoja aitwaye Tilikum alikamatwa karibu na Iceland mwaka 1983, umri wake miaka 2 hivi. Alipelekwa kwanza katika bustani moja ya Kanada, ambako usiku alifungiwa na wenzake wawili katika chumba cha chuma chenye giza. Huko mwaka 1991 yeye na wenzake walimzamisha mfanyakazi kijana aliyeteleza majini. Bustani ile ikafungwa, na Tilikum akauzwa Orlando. Mwaka 1999 mtu mmoja aliyejificha humo usiku alikutwa asubuhi amekufa bwawani mwake. Tarehe 24 Februari mwaka 2010 Tilikum alimvuta majini mfunzaji wake, Dawn Brancheau, mwanamke stadi aliyeipenda kazi yake, akamuua. Na baadhi ya wageni waliokuwa wamekuja na watoto wao kula chakula cha mchana kando ya bwawa waliona. Ukijumlisha na mfunzaji aliyeuawa na nyangumi mwingine katika visiwa vya Kanari mwaka 2009, watu 4 wameuawa hodhini katika muda wa miaka 20. Basi jina hilo la muuaji, ambalo bahari haikulithibitisha kwa mwanadamu, tumelithibitisha sisi kwa saruji na vyuma.

Tusikilize sasa maneno ya upande wa pili, kwa kuwa hakimu asikilizaye upande mmoja si hakimu.

Husema kwanza kwamba bustani hizi zimewafunza watu kuwapenda wanyama hawa. Maneno haya yana kweli ndani yake, wala sitaificha. Kabla ya miaka ya 1960 wavuvi wengi wa pwani zile waliwapiga nyangumi hawa risasi kama wezi wa samaki, na watu waliwaogopa kama majini. Walipowaona karibu, hofu iligeuka mapenzi. Lakini somo likiisha kueleweka, mwalimu hamweki mwanafunzi darasani maisha yake yote. Sembuse huyu, ambaye hakuwa mwanafunzi bali kielelezo. Tena mapenzi yenyewe yataka kupimwa. Watoto wa dunia nzima huwapenda dinosaria, wala hapana mtoto hata mmoja aliyepata kumwona aliye hai. Kitabu, picha na hadithi nzuri vyatosha kuwasha moto wa mapenzi moyoni. Minyororo si kuni zake.

Husema pili kwamba bustani hizi huwaokoa wanyama walioumia. Hilo nalo ni kweli. Kampuni ya SeaWorld, kwa hesabu yake, imewasaidia makumi ya maelfu ya wanyama, wakiwamo kasa na nguva wa Florida, na wengi wakarudishwa majini. Sifa hiyo ni yao, na wapewe. Lakini wema uliotendewa kasa haulipi deni la nyangumi. Mtu akijenga zahanati kwa mkono wa kulia, hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kumfungia jirani yake kwa mkono wa kushoto. Hospitali humtibu mgonjwa ili arudi kwake. Mahali ambapo mzima huingizwa na asitoke, jina lake si hospitali.

Husema tatu kwamba mnyama aliyezoea hodhi hawezi tena kuishi baharini, nao humtaja Keiko. Huyu alikamatwa mwaka 1979 karibu na Iceland, akawa maarufu kwa filamu ya mwaka 1993, na watu wengi, watoto miongoni mwao, wakachanga fedha ili aachiliwe. Mwaka 1998 alirudishwa Iceland akafunzwa upya. Mwaka 2002 akaingia baharini, akaogelea mpaka Norwei. Mwezi wa Desemba mwaka 2003 akafa, hakuwahi kupokewa kabisa na wenzake, na mara nyingi aliwatafuta watu. Ni habari ya huzuni. Lakini yashuhudia nini? Aliyemvunja ndege bawa hana haki ya kusimama barazani akatoa ushahidi kwamba ndege hajui kuruka. Ikiwa kifungo humharibu mfungwa hata asiweze kuwa huru, hiyo ndiyo hoja kubwa ya kutomfunga mwingine.

Husema nne kwamba kazi nyingi zitapotea. Riziki si jambo la mzaha, na mwenye tumbo lililojaa asiicheke. Hata hivyo tazama Monterey, California, ambako tangu mwaka 1984 lipo jumba kubwa la viumbe wa bahari lisilokuwa na nyangumi wala pomboo wa maonyesho, na watu hulijia kwa wingi kutazama misitu ya mwani, pweza na viwavi vya bahari. Tazama na ile kampuni yenyewe: ilipofungua bustani mpya Abu Dhabi, mwaka 2023, haikutia ndani hata nyangumi mmoja wa aina hii. Mwenye duka akiacha kuweka bidhaa fulani katika duka lake jipya, haikosi ameyasoma mawazo ya wanunuzi.

Na hapa ndipo penye nguvu yako, msomaji. Mwaka 2013 ilitoka filamu iitwayo Blackfish, iliyosimulia maisha ya Tilikum. Watu waliitazama, wakaingiwa na haya, na wengi wakaacha kwenda. Mwezi wa Machi mwaka 2016 kampuni ikatangaza kwamba haitawazalisha tena nyangumi hawa. Waliomo wakifa, hawatafuatwa na wengine. Jimbo la California lilipitisha sheria juu ya jambo hilo mwaka huo huo. Serikali ya India ilikwisha kukataza mahodhi ya pomboo mwaka 2013. Kanada ikatunga sheria yake mwaka 2019. Ufaransa ikafuata mwaka 2021. Mlolongo huo haukuanzia katika mabunge. Ulianzia kwa mama mmoja na baba mmoja walioambiana nyumbani, "Mwaka huu hatuendi." Haba na haba hujaza kibaba, na hiyo hiyo haba na haba, ikizuiwa, hukiacha kibaba kitupu. Mnyororo wa nyangumi haukufuliwa kwa chuma. Ulifuliwa kwa tikiti.

Huenda ukasema, "Orlando ni mbali, na mimi ni mwanafunzi wa Kenya, yanihusu nini?" Yakuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kutoka Nairobi mpaka Ghuba ni safari ya saa tano tu kwa ndege. Familia za kwetu huenda huko likizoni, na huko Dubai na Abu Dhabi pomboo wamo mahodhini, wakiruka kwa filimbi na kulipwa samaki. Pomboo ni wale wale tuwaonao katika pwani yetu, wenye akili ile ile na mapenzi yale yale ya kwenda kwa makundi. Pili, ukiisha kuamini kwamba kitu kizuri hakina budi kufungiwa ndipo kionekane, huachi imani hiyo Orlando. Warudi nayo nyumbani, na yamkini siku moja mwenye mali atakuja na ramani ya hodhi la kujengwa kando ya hoteli ya pwani yetu, nawe utampigia makofi.

Sisi wa Kenya tuna udhuru mdogo kuliko wote. Tangu mwaka 1968 tumekuwa na mbuga za bahari za Malindi na Watamu, na kusini, kuvuka Shimoni na Wasini, iko Kisite-Mpunguti. Humo pomboo huonekana katika makundi yao, mama na mtoto ubavuni pake, wakija wapendapo na kuondoka wapendapo. Kati ya miezi ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu, waliotoka katika bahari za baridi za kusini kabisa mwa dunia, hupita katika maji yetu. Usiku mmoja Shimoni na nauli ya mashua vina gharama ndogo kuliko safari ya ng'ambo. Hata hivyo sikudanganyi kwamba wema uko katika jina la mbuga peke yake. Nahodha awafukuzaye pomboo kwa mashua ili abiria wapate picha amejenga hodhi juu ya bahari wazi. Mwambie azime mtambo, angoje. Pomboo wakija, mshukuru Mungu. Wasipokuja, umejifunza kwamba ulimwengu haukuumbwa kwa ajili ya ratiba yako, na somo hilo peke yake lashinda maonyesho kumi.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyeketi safu ya mbele hujifunza mambo mawili siku ile: jina la mnyama, ambalo angeweza kulisoma kitabuni, na kwamba furaha yake yatosha kuwa sababu ya kumfunga mwingine. La kwanza atalisahau. La pili ataondoka nalo, na siku moja, akiwa ni mwajiri, au askari, au waziri, atalitumia kwa wanadamu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini mkono uurushao ni mmoja, na huzoea kwa mazoezi.

Kwa hiyo, kijana, likizo ijapo nenda ukafurahi. Ogelea, panda mashua, okota kome walio watupu, lala mchangani. Lakini utakapofika mbele ya dirisha la tikiti, na ndani ya ukuta ukasikia muziki na kishindo cha maji, uliza swali moja kabla ya kutoa fedha: aliyemo humu, mama yake yuko wapi? Wakishindwa kukujibu, rudisha fedha mfukoni, umshike ndugu yako mkono, mwondoke.